Namna ya Kupiga MRI ya Kiuno na Kuugua Barabara Mpaka Majibu Yatoke

Mwongozo huu ni wa mtu mzima wa Dar es Salaam ambaye kiuno kimemtesa tangu masika. Amechuliwa kwa mafuta ya kila rangi, amekandwa maji ya moto, amelala sakafuni kwenye mkeka kwa amri ya mama mkwe, amevaa mkanda wa duka la dawa mpaka ukalegea, na sasa daktari amemwandikia MRI. Hongera sana. Wenzako wengi huishia kwenye eksirei, na wengine hupewa diklofenaki na kuambiwa wapunguze kuinama. Wewe umepanda daraja. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba kati ya siku ya picha na siku ya majibu unaugua kwa kiwango kinacholingana na bei ya kipimo.

Anza na karatasi ya kuombea kipimo. Juu lipo jina lako likiwa limekosewa herufi moja, chini upo mhuri, na katikati kuna mstari wa maelezo ya mgonjwa ambapo daktari ameandika maneno matatu: maumivu ya kiuno. Yaache hivyohivyo. Usimwambie kwamba mguu wa kushoto hufa ganzi hadi kidole gumba, wala kwamba uliwahi kuanguka na bodaboda, wala kwamba mwaka juzi ulimeza dawa za TB miezi sita. Hayo ni mambo ya ndani. Mashine imenunuliwa kwa fedha nyingi, ijitafutie yenyewe.

Wapo wabishi watakaokuletea habari za gorila. Mwaka 2013 watafiti wa saikolojia mjini Boston, akiwemo Trafton Drew, walichukua picha za CT za mapafu wakapachika ndani yake kipicha cha gorila, kikubwa mara 48 ya vile vinundu ambavyo madaktari huvitafuta. Wakawapa madaktari 24 wa radiolojia, wakawaambia watafute vinundu. Madaktari 20 hawakumwona gorila. Mtambo wa kufuatilia macho ulionyesha kuwa wengi wao walimtazama palepale alipo, wakapita. Hawakuwa wazembe. Waliulizwa vinundu, wakatafuta vinundu, na kwa vinundu walikuwa hodari. Maana yake ni kwamba jicho la bingwa huenda lilikotumwa, na wewe umelituma kwa maneno matatu huku gorila wako akiwa amekaa mguuni. Nyamaza tu. Ukisema utaharibu mtihani.

Baada ya hapo kuna kibali cha bima, dirisha la malipo, namba ya malipo isiyokubali kwenye simu, na kurudi dirishani. Sehemu hii haihitaji mwongozo. Mtanzania yeyote aliyewahi kufuatilia cheti cha kuzaliwa anaijua kwa moyo.

Usiku wa kuamkia kipimo, usile. Hakuna aliyekuambia usile, na MRI ya kiuno kwa kawaida haidai njaa. Lakini jirani yako alipokwenda kupima tumbo alifunga, na wewe huwezi kukubali ugonjwa wako uonekane mwepesi kuliko wa jirani. Usinywe hata maji. Ukifika hospitali ukiwa na kizunguzungu, mwambie sista kwamba kizunguzungu nacho kimeanza leo. Atakiandika.

Hapa niwakumbuke ndugu zetu wa utrasaundi, maana mateso yao hayasimuliwi inavyostahili. Anayepimwa tumbo la chini huambiwa anywe maji, lita moja hivi, asiende chooni. Sababu ipo: kibofu kikijaa husukuma utumbo pembeni, na mawimbi ya sauti hupenya kwenye maji bila shida, ilhali hewa ya utumbo huyakatisha. Mama wa watu kanywa lita yake, kafika kwa wakati, na zamu yake ni ya pili. Ndipo gari la wagonjwa linapoingia na dharura. Dharura inafuatwa na dharura. Saa moja baadaye mama hasemi, hacheki, hasalimiani na mtu, anatazama ukuta. Ushauri wangu kwake hauna kejeli hata kidogo: mwambie sista. Ukienda chooni kimyakimya ukarudi kukaa kama hujaenda, mtaalamu ataliona hilo kabla hajaona kitu kingine, na utanunua chupa mpya.

Turudi kwetu. Kwenye chumba cha maandalizi utaulizwa kama una chuma mwilini. Jibu sahihi la Kiswahili ni "hapana," linalotolewa kwa haraka na kwa heshima, kabla hujafikiri. Kisha mtaalamu atakusubiri, kwa sababu ameshawajua watu wa aina yako, na vitu vitaanza kutoka: saa, mkanda, funguo, sarafu za daladala, kadi ya benki, sidiria yenye waya, vibanio vya wigi, pini nne za hijabu ambazo mwenyewe alidhani ni mbili. Bibi mmoja wa makamo ya kuheshimika huweza kukaa hapo nusu saa nzima.

"Bibi, una chuma chochote mwilini?"

"Sina, mjukuu wangu."

"Na hicho kiunoni?"

"Hicho si chuma. Hicho ni kinga."

Kinga imeshonewa ndani ya ngozi, na kilichomo ndani hata bibi hakijui, maana aliyeifunga alimkataza kuifungua. Mtaalamu mwenye busara habishani na kinga. Humwita mjukuu aliye nje, ikazungushiwa khanga, ikamsubiri bibi kwenye benchi ikiendelea na kazi yake kwa mbali. Mwenye shanga naye ana mashaka yake, ila shanga za plastiki na kioo zilizotungwa kwa uzi hazina ugomvi na sumaku. Anachoona haya ni kuulizwa zimetungwa na nini.

Kuna maswali mengine kwenye fomu ambayo utaona hayakuhusu: kifaa cha kusaidia moyo, klipu za upasuaji wa kichwa, kipande cha risasi, kazi ya vyuma. Fundi wa kuchomelea mageti huruka swali hilo la mwisho kwa sababu yeye ameleta kiuno, hakuleta kazi. Swali limewekwa kwa ajili yake. Kichembe cha chuma kilichomrukia jichoni miaka kumi iliyopita, akakisahau, kinaweza kujigeuza ndani ya jicho pale sumaku inapokivuta. Na sumaku yenyewe si ya mlango wa friji. Mashine nyingi za hospitali kubwa ni za tesla 1.5, yaani mara 30,000 hivi ya usumaku wa dunia unaoigeuza sindano ya dira. Tena haizimwi. Nyaya zake zimezamishwa kwenye heliamu ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na kwenye baridi hiyo umeme huzunguka bila kipingamizi na bila kuongezewa. Ndiyo kusema umeme wa mtaa ukikatika, taa zitazimika, kiyoyozi kitanyamaza, wewe utakwama ndani ya bomba ukisubiri jenereta, lakini sumaku itabaki kazini. Ni mtumishi pekee wa jengo hilo asiyeathirika na mgao. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka sita alifariki baada ya mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani kuvutwa na kumpiga kichwani. Kwa hiyo ukiona mtaalamu anakuwa mkali juu ya pini, usimwone ana gubu.

Basi, panda kitandani. Utavishwa vizibo vya masikio, utashikishwa mpira wa kubinya wa kuitia msaada, utaambiwa usitikisike. Papo hapo pua itawasha. Pua yako haijawahi kuwasha tangu kipaimara, au tangu madrasa, lakini leo itawasha, na ikimaliza itaikabidhi kazi nyusi. Wengi hujiuliza kama kupumua ni kutikisika. Pumua. Usipumue kwa kuhema tu kama aliyekimbilia daladala la mwisho.

Mpira wa kubinya usiubinye. Mwanamume wa Kiafrika, baba wa watoto wanne, mweka hazina wa kikoba, hawezi kubinya kimpira kwa sababu bomba limembana. Afadhali azimie. Akina mama hubinya mapema, hutolewa, hupewa maji, huzungumzishwa, hurudishwa, na kipimo kinakwisha. Wewe kaa humo umeuma meno, utikisike kila dakika mbili kwa ujasiri, mpaka picha zitoke zimefifia na uambiwe zirudiwe zote tangu mwanzo.

Kuhusu kelele: hakuna namna ya kumwandaa mtu. Itaanza kama fundi anayegonga bati, itanyamaza ukidhani yamekwisha, kisha itafumuka singeli halisi ya uswahilini, ile ya spidi kali isiyo na mwimbaji. Kelele hizo hupita desibeli 100, na zinatoka kwenye nyaya nyingine zinazolizunguka bomba, ambazo hupewa umeme na kunyang'anywa kwa kasi. Kila zikipewa, sumaku kubwa inazisukuma, nazo zinatikisika. Kati ya vishindo hivyo mashine inapiga redio. Simaanishi nyimbo. Inatuma mawimbi ya redio ya megahezi 64 hivi, chini ya pale zinapoanzia stesheni za FM, na haidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili wako huyapokea na kuyajibu. Picha nzima ya kiuno ni majibizano hayo. Ndiyo maana chumba kimezungushiwa shaba ukutani, sakafuni na darini, vinginevyo watangazaji wa Dar es Salaam wangeingia kwenye uti wa mgongo wa watu. Na ndiyo maana pia jirani anayekuonya kwamba mionzi ya MRI inamaliza nguvu za kiume anaichanganya na eksirei na CT, ambazo ndizo zenye mionzi ya kuhesabiwa. Usimsahihishe. Onyo lake litakufaa mbele, ukitafuta wa kumlaumu.

Ukiona dakika 30 ni nyingi, kuna habari ya kukupa moyo au kukuvunja. Mtu wa kwanza kupigwa picha ya kifua kwa mashine ya aina hii aliingia Julai 1977 huko New York, na akakaa humo karibu saa tano. Daktari aliyeibuni mashine hiyo, Raymond Damadian, alikuwa amejaribu kuingia mwenyewe, ikashindikana kwa sababu alikuwa mnene kuliko kifaa kilivyotaka. Akatafutwa msaidizi mwembamba. Mwaka 2003 Tuzo ya Nobel ikaenda kwa Paul Lauterbur na Peter Mansfield, Damadian akaachwa, naye akanunua kurasa nzima za magazeti kulalamika. Nampenda mtu yule. Ndiye pekee katika historia ya MRI aliyepata majibu asiyoyataka akachukua hatua zote ambazo mgonjwa yeyote angetamani kuchukua.

Umetoka. Sasa ndipo ugonjwa unapoanza.

Mtihani wa kwanza ni uso wa mtaalamu. Kwa mujibu wa kazi yake, yeye anapiga picha, na kuisoma ni kazi ya daktari wa radiolojia. Hilo unalijua, umeshaambiwa, limebandikwa mlangoni. Lakini wewe umesoma nyuso tangu utotoni na huu hautakushinda. Akitabasamu, anakuonea huruma. Asipotabasamu, ameona kitu. Akikuambia "pole sana, mzee," hiyo ni pole ya msiba, haiwezi kuwa pole ya kulala kwenye ubao mgumu nusu saa. Mkabili.

"Kijana wangu, wewe kwa macho yako tu umeonaje?"

"Majibu atakupa daktari, baba."

"Najua. Lakini kama ni baba yako mzazi, ungemwambiaje?"

"Ningemwambia asubiri daktari, baba."

Ondoka hapo ukiwa na uhakika wote. Mtu asiyekuwa na la kuficha angesema.

Kitu cha pili utakachopewa ni CD. Zamani ilikuwa bahasha ya kaki, kubwa, yenye filamu ngumu zinazolia ukizikunja, na ilikuwa na heshima yake: ukipanda nayo daladala unapishwa kiti, konda anashusha sauti, na ukiinyanyua kuelekea dirishani abiria watatu wanainama nawe kutazama. Bado hospitali nyingi zinatoa bahasha, omba ikiwezekana. CD haina adabu hiyo. Kwanza hakuna kompyuta mtaani kwako inayoimeza, isipokuwa moja ya steshenari, ile ya kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Ipeleke hapo.

Kijana wa steshenari ataitumbukiza, itakoroma, na kiuno chako kitatokea kwenye kioo, vipande kwa vipande, mbele ya mwanafunzi anayesubiri kopi za mtihani na mama aliyekuja kulaminetisha cheti cha ndoa. Kila mmoja ataona kitu. Mwanafunzi ataonyesha weusi, mama ataonyesha weupe. Kijana, ambaye ameshafungua CD za watu wengi hivyo ana uzoefu, atavuta sehemu ya chini na kusema kwa upole, "Hapa pametoka nje." Mlipe mia tano yake. Umepata majibu siku tatu kabla ya hospitali.

Sasa piga picha kioo cha kompyuta kwa simu, taa ya dukani ikimulika katikati, uitume kwenye kundi la ukoo.

Kila ukoo una daktari. Wetu sisi wa kawaida ni binamu aliyesoma kozi ya duka la dawa muhimu, au shemeji anayeendesha gari la hospitali ya wilaya na ameona mengi. Atajibu kwa sauti iliyorekodiwa, akianza na "sitaki kuwatisha." Shangazi wa Tanga atafuata na kitunguu saumu, tangawizi na asali, asubuhi kabla ya kula. Mjomba atakumbuka mtu. Lazima awepo mtu: mfanyakazi mwenzake, alianza hivyohivyo, kiuno tu, akapiga hiyohiyo MRI. Mjomba hatamalizia sentensi. Na usimwombe amalizie, maana huyo mtu yawezekana ni mzima anauza vifaa vya umeme Kariakoo, na sentensi ikimalizika inapoteza nguvu zote.

Kufikia Ijumaa wageni watakuwa wameanza kuja kukujulia hali. Wataleta machungwa, juisi za boksi, na unga kama wametoka mbali. Usiwapokee umesimama. Kaa ubavuubavu, shika kiuno, ongea taratibu. Ofisini peleka ED, yaani ruhusa ya ugonjwa. Kwenye kikoba omba udhuru. Baba mdogo atafungua michango bila wewe kuomba, mweka hazina atachaguliwa, daftari litanunuliwa, na kichwa cha ukurasa kitaandikwa "Matibabu," kwa sababu ugonjwa wenyewe bado haujatajwa. Hapo ndipo utakapogundua kwamba kurudi nyuma ni vigumu. Watu wameshatoa.

Kujisomea picha si ushamba wetu peke yetu. Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg, Novemba 1895, alimwita mkewe Anna Bertha mwezi Desemba auweke mkono wake kwenye bamba. Ikatoka picha ya mifupa ya vidole na pete ikielea. Inasimuliwa kwamba mama yule alipoiona alisema ameona kifo chake. Daktari wa radiolojia wa kumsubiri hakuwepo bado duniani, kwa hiyo akajisomea. Aliishi zaidi ya miaka 23 baada ya hapo. Nadhani angefaa sana kwenye kundi la ukoo.

Naweka kejeli pembeni kwa aya moja. Ukiwa bado unasubiri, na ukajikuta huwezi kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo umegoma kutoka, au sehemu unayoikalia imekufa ganzi, au mguu unaisha nguvu, hiyo si ya kusubiri tarehe ya kliniki wala ya kuuliza kwenye kundi. Nenda idara ya dharura usiku huohuo. Kuna mishipa ya fahamu ambayo ikibanwa sana, muda wa kuiokoa huhesabiwa kwa saa.

Kama si hivyo, endelea kusubiri vizuri. Jambo ambalo halisemwi ni kwamba picha zako ni mamia, si moja, na daktari wa kuzisoma ana foleni ya watu waliolazwa, waliopata ajali na waliopooza usiku, ambao kwa haki kabisa wanatangulia. Sehemu nyingine hayupo hata kwenye jengo: picha zinatumwa kwa intaneti, zinasomwa mji mwingine. Angependa pia kuona picha zako za zamani alinganishe, na hizo zipo kwako chini ya godoro tangu ulipohama Morogoro. Usizilete. Mwache akisie.

Ripoti ikitoka itakuwa ya Kiingereza kilichochanganyika na Kilatini, na hata shuleni ulikuwa wa historia. Itataja pingili moja baada ya nyingine kuanzia juu. Itasema diski kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imetuna kidogo, imepungua maji, kuna kusagika kwa hapa na pale. Itamalizia kwa kumtaka daktari ailinganishe na hali ya mgonjwa. Utaisoma usiku, peke yako, na kila neno litakuwa jeneza. Kusagika! Wewe, mtu wa miaka 50, umesagika.

Hapa kuna takwimu ambazo ningekushauri uzikwepe, maana zitakuharibia kila kitu ulichojenga. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zenye picha za watu 3,110 ambao hawana maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa na asilimia 30 walikuwa na diski iliyotuna. Kwa wenye miaka 50, uchakavu ulifika asilimia 80 na kutuna asilimia 60. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96 na 84. Watu hao walikuwa wanacheza, wanalima, wanabeba wajukuu. Hawakujua kama wamesagika kwa kuwa kabla ya hapo hakuna aliyewapiga picha. Yule mama wa steshenari, ukimlaza kwenye mashine leo, huenda naye pametoka nje.

Siku ya kliniki ikifika, daktari atafanya jambo la kuudhi sana: ataipokea CD na kuiweka pembeni. Atakuambia utembee kwa vidole, kisha kwa visigino. Atakulaza, atauinua mguu ulionyooka, aulize panapouma. Atakugonga goti kwa kinyundo. Vitu vya bure kabisa, ambavyo angeweza kuvifanya siku ya kwanza, na kwa kweli alivifanya, ila hukuvihesabu kwa kuwa havikuwa na mashine. Ndipo ataitazama picha, dakika mbili hivi, na kusema:

"Mzee wangu, mgongo wako ni wa umri wako. Nevu haijabanwa. Tutaanza mazoezi ya fiziotherapia, utembee kila siku, upunguze tumbo, na acha kulala siku nzima. Kulala ndiko kunakokukaza."

"Basi?"

"Basi."

"Na dawa?"

"Za maumivu, za siku chache. Una swali?"

Unalo, lakini haliulizwi kwa daktari. Swali ni nyumbani utaingiaje.

Utaandika kwenye kundi, kwa herufi ndogo, kwamba tunamshukuru Mungu, hakuna tatizo kubwa, nimeambiwa nifanye mazoezi. Watu 40 watasoma. Hakuna atakayejibu kwa muda. Kisha baba mdogo ataandika "Amina." Shangazi wa Tanga atatuma sauti ya dakika nne: hospitali ile amesikia mashine yake si nzima, kuna nyingine mjini, mpya, tesla tatu, ana mtu wake pale, na kwani daktari mwenyewe alikuwa kijana au mtu mzima? Shemeji atasema yeye tangu mwanzo hakutaka kuwatisha. Mjomba atamkumbuka mtu mwingine, ambaye naye aliambiwa hana tatizo.

Mwisho ataingia mweka hazina. Atasalimia wakubwa kwa wadogo, atabandika picha ya ukurasa wa daftari, jumla imepigiwa mstari mara mbili, na kueleza kwamba michango haina utaratibu wa kurudishwa. Kwa hiyo anaomba, kwa heshima zote, mgonjwa amwelekeze salio aliandikie ugonjwa gani.